Mke wa Nyuma ya Ukuta

Jioni ile Mwandishi alitoka kununua bahasha. Jua lilikuwa linazama, na mwenye duka alikwisha kuteremsha ubao wa dirisha nusu. Alipomwona anakuja mbio, shati limejaa vumbi jekundu la kiwandani, akauinua tena ule ubao na kumtolea bahasha kabla hajaomba.

"Za kwa mama?"

"Za kwa mama."

"Bwana Kalamu, mimi ningekuwa mkeo ningekwisha kuchoka kusoma."

Mwandishi akacheka, akalipa, akaondoka. Jina la Bwana Kalamu alipewa kiwandani. Kilikuwa kiwanda cha vigae, na wakubwa wake walitaka kitabu cha historia ya kiwanda, chenye picha na habari za wafanyakazi wa zamani, wakamleta yeye kutoka mbali. Asubuhi alikaa na mafundi wa tanuri akisikiliza masimulizi yao. Mchana aliyapanga ofisini. Jioni, kazi ya watu ikiisha, alianza kazi yake mwenyewe, yaani kumwandikia mkewe.

Tuseme tu ukweli, huyu bwana alipenda mpaka akasahau aibu. Mkewe alikuwa na mimba yao ya kwanza na tumbo limeshakuwa kubwa. Kazi ya mbali aliikubali kwa sababu paa la nyumba yao lilikuwa linavuja, naye hakutaka mtoto wake azaliwe katikati ya ndoo za kukinga mvua. Lakini mwili tu ndio uliosafiri. Moyo aliuacha kule kule.

Na alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuweza kuandika sentensi bila kuionja mdomoni kwanza. Aliisema, akaisikiliza, na ikimkalia vizuri ndipo akaiandika. Barua ikimalizika aliisoma yote tena kwa sauti, tangu salamu hadi jina lake mwenyewe, na hata bahasha aliisoma. Mkewe alizoea kumtania kwamba yeye haandiki kwa mkono, anaandika kwa mdomo.

Mdomo huo ndio uliomponza.

Chumba alikipanga kwa mwanamke mmoja mtu mzima, mjane, mwenye maneno machache na macho ya kuhesabu sukari ya mgeni. Siku ya kumpa ufunguo alimpa na sharti.

"Humu andika mpaka mkono ukauke. Taa washa utakavyo. Ila usiongee peke yako."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nimesema, baba."

Mwandishi alidhani hataki kelele. Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, meza chini ya dirisha, na ukuta mmoja uliowahi kuwa na mlango. Mlango huo ulizibwa kwa matofali na kupakwa chokaa, lakini umbo lake lilionekana bado. Akaamini kwamba mama mwenye nyumba analala upande wa pili. Basi kila alipoonja sentensi zake alishusha sauti ikawa mnong'ono, akaona amelitii sharti.

Jioni ile ya bahasha akakaa mezani, akavuta karatasi.

"Mke wangu kipenzi," alinong'ona, akaandika.

Jina la mkewe hakuliandika kamwe, si ndani ya barua wala juu ya bahasha. Jina, alisema, ni la kuitwa na majirani na karani wa hospitali. Yeye alikuwa na "mke wangu," na duniani mwenye jina hilo alikuwa mmoja tu.

"Mke wangu kipenzi, leo kifungo cha shati langu la bluu kimedondoka mbele ya mkurugenzi. Nimekaa kikao kizima nimejishika kifua, watu wakadhani naumwa. Laiti ungekuwa hapa unishonee. Sindano ninayo, uzi sina, na mikono yangu unaijua ilivyo mibovu. Hata pasi najiunguzia. Mtoto anasemaje? Akicheza, weka kiganja chako pale anaposukuma, ujue ni mimi nabisha..."

Akanyamaza.

Nyuma ya ukuta kitu kilivutwa sakafuni.

Kilivutwa taratibu, kwa uangalifu. Mtu alikuwa anasogeza kiti karibu.

"Samahani, mama," Mwandishi akauambia ukuta. "Nimekuamsha?"

Akamalizia barua kwa sauti ya chini zaidi, akasoma bahasha, akailamba, akaifunga. Kesho yake aliipeleka posta akienda kazini, kama alivyozipeleka nyingine zote.

Aliporudi jioni, chumba kilinuka pasi.

Harufu ile kila mtu anaijua, ya mkaa na kitambaa kibichi kinachokauka chini ya chuma cha moto. Shati la bluu lilikuwa limetandazwa kitandani, limenyooshwa mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Alipoligusa lilikuwa bado na joto. Na kifungo kilikuwa mahali pake.

Mwandishi alifurahi sana. Alimwona mama mwenye nyumba kwa jicho jipya, akajilaumu kwa kumdhania ubahili. Hakwenda kumgongea, maana giza lilikuwa limeingia. Aliweka tu mdomo karibu na ukuta.

"Ahsante, mama. Umenitendea wema."

Upande wa pili mtu alivuta pumzi.

Siku zikaenda. Kila jioni alinong'ona barua, na kila jambo alilolitamani ndani ya barua lilitimizwa asipokuwepo. Alimwandikia mkewe kwamba maji ya kunawa ya huku ni baridi, akarudi akakuta birika limefunikwa kwa kitambaa, lina moto. Alimwandikia kwamba viatu vyake vimekuwa vyekundu kwa vumbi, vikang'arishwa. Akazoea. Mwanamume akihudumiwa hazoei kuuliza maswali, na huyu hakuwa tofauti na wenzake.

Jambo moja tu lilimkaa vibaya. Jioni moja aliandika: "Nalala upande wa ukutani. Upande wako nimeuacha kama ulivyo, siuvuki hata usingizini." Alipoamka asubuhi, upande ule godoro lilikuwa limebonyea. Akaweka kiganja.

Palikuwa na joto.

Akajiambia kwamba amejigeuza usiku. Akavaa upesi, akaenda kazini.

Majibu ya mkewe hayakuja. Lilikuja moja tu mwanzoni, likijibu barua aliyoiandikia ofisini siku ya kuwasili, kabla hajapata chumba. Baada ya hapo ilikuwa kimya. Mwandishi alilaumu posta, akalaumu mvua, akalaumu mpaka baiskeli ya tarishi wa mtaani kwao, ambaye alipotea hovyo hata bahasha zikabidi ziandikwe kwa maelezo: nyuma ya kituo cha maji, nyumba ya mwisho, ngazi mbili, mlango wa kijani. Maelezo hayo naye aliyasoma kila jioni kwa sauti, asije akakosea.

Mwezi wa pili kazi ilikaribia kwisha. Akaandika barua tamu kuliko zote.

"Mke wangu kipenzi, safari imekaribia. Nikifika nitabisha kwa kidole kimoja, kama nilivyozoea. Usimwachie mtu mwingine mlango. Nifungulie wewe mwenyewe, nikuone wewe kwanza kabla sijaona kitu kingine chochote. Tangulia kunisubiri. Mimi nipo njiani."

Aliisoma yote, na bahasha pia, akailamba na kuifunga. Akaiweka bahasha mfukoni mwa koti. Nyuma ya ukuta alisikia kiti kinasogezwa, safari hii kwa haraka. Kisha nyayo. Ndara zilikuwa zinaburuzwa, nzito... zikaenda mbali... zikaisha.

Kesho yake mchana alikuwa ofisini kiwandani, akipitia habari za fundi mmoja wa tanuri. Uzi wa kifungo cha shati la bluu ulikuwa umechomoza ncha, ukimkera kifuani. Akaushika, akauvuta.

Ulikuja. Ukaendelea kuja. Mweusi, mwembamba, mrefu kupita mkono wake.

Haukuwa uzi. Ulikuwa unywele.

"Bwana Kalamu!" Karani alikuwa amesimama mlangoni. "Simu yako. Mkeo."

Mwandishi akainuka na unywele umemzunguka kidole. Mezani kwa karani akashika mkono wa simu.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo." Kisha zikasikika kelele za duka alikopigia. "Nimekuja kupiga simu kwa sababu nimechoka kujiuliza. Nimekukosea nini?"

"Umenikosea? Wewe?"

"Kama umepata mwingine huko, niambie kwa maneno. Usinitumie karatasi tupu."

"Karatasi gani tupu?"

"Barua yako ya kwanza ilikuja imejaa. Zote zilizofuata nafungua bahasha, ndani karatasi nyeupe. Nilidhani ni utani wako. Nikazipasha moto juu ya jiko, nikifikiri umeandika kwa maji ya ndimu. Hakuna kitu, mume wangu. Hata mstari mmoja."

"Nimeandika. Wallahi nimeandika, kila jioni."

"Bahasha zimeandikwa vizuri. Ndiyo maana zinafika. Nilijiambia nisikusumbue. Lakini tangu jana jioni mtoto hachezi. Mkunga anasema moyo anausikia, tusubiri. Mimi namjua mwanangu. Amenyamaza kama mtu anayesikiliza."

Mwandishi akakaa juu ya meza ya karani, juu ya mafaili yake.

"Nakuja," alisema. "Kesho jioni nitakuwa mlangoni."

"Njoo," mkewe akasema. Simu ikakatika.

Hakungoja saa ya kutoka. Aliwahi kwa mama mwenye nyumba jua likiwa limeinama, akamkuta barazani anachagua mchele. Akamnyooshea kidole chenye unywele.

"Mama, shati langu ulinishonea kwa uzi gani?"

Mama akautazama ule unywele. Mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Mimi sijawahi kugusa nguo yako."

"Na pasi? Na maji ya moto?"

"Pasi yangu ilipotea zamani."

"Nani analala nyuma ya ukuta wangu?"

"Mimi nalala upande wa barabarani. Nyuma ya ukuta wako halali mtu." Akaweka ungo chini. "Umekuwa ukiongea mle ndani."

"Nilikuwa nasoma barua. Za kwa mke wangu. Kwa kunong'ona tu..."

"Kwa kunong'ona," mama akarudia. Akafumba macho. "Afadhali ungepiga kelele."

Mwandishi akaitoa barua ya jana mfukoni mwa koti; asubuhi alikuta posta haijafunguliwa. Bado ilikuwa imefungwa, gundi ameilamba mwenyewe. Akaichana mbele ya yule mama. Karatasi zilikuwa nyeupe pande zote. Juu ya bahasha, mwandiko wake ulikuwa mweusi na mzuri, haukupungua herufi.

Mama akaipokea karatasi moja, akaigeuza.

"Alikuwa mke wa mwanangu," mama akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, akiuangalia mlango wa chumba kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Mwanangu alikwenda kazi ya mbali. Akaahidi ataandika. Hakuandika hata salamu. Yule binti kila jioni alimpigia pasi shati lake, akakaa kwenye kiti akisubiri tarishi. Mjamzito, baba. Tumbo hili hapa. Mimi nilimwambia ale, alale. Ananijibu, mama, leo itakuja."

"Ikawaje?"

"Jioni moja niliingia. Pasi ina moto, shati limenyooshwa, kiti kimeelekezwa dirishani. Yeye hayupo. Viatu vyake vipo, kanga yake ipo. Tukamtafuta mpaka tukachoka."

"Alikufa."

"Sijui kama alikufa. Sijawahi kumzika." Mama akajifuta uso kwa kiganja. "Ila pasi haikunyamaza. Kila magharibi naisikia inapita mezani, na harufu yake. Nikaziba mlango."

"Ukanipangisha na hukuniambia."

"Ningekuambia ungepanga?" Hakusema kwa ubaya. "Wamekaa wengine mle. Mwenye kunywa, mwenye kukoroma. Hakumgusa hata mmoja. Wewe ulikuja na 'mke wangu kipenzi.' Miaka yote hiyo anasubiri barua, ukakaa ukutani kwake ukamsomea. Zote. Angefanyaje? Alizipokea."

Mwandishi alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Palikuja huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko hasira.

"Nitaingia nimwambie hazikuwa zake."

"Ingia." Mama akamshika mkono. "Lakini kwanza niambie. Jana ulimsomea nini?"

Akamwambia. Nikifika nitabisha. Nifungulie wewe mwenyewe. Tangulia kunisubiri.

"Na bahasha? Bahasha pia huwa unaisoma?"

Nyuma ya kituo cha maji. Nyumba ya mwisho. Ngazi mbili. Mlango wa kijani. Ameyasema hayo kila jioni, polepole, kwa kituo, mtu asije akapotea.

"Jana magharibi pasi sikuisikia," mama akasema. "Na leo, sikiliza."

Wakasikiliza. Nyumba ilikuwa kimya kabisa.

"Nilifurahi," mama akasema. "Nilidhani amechoka."

Mwandishi alikimbilia chumbani. Akasimama mbele ya ule mlango uliozibwa, akataja jina la mkewe kwa sauti kubwa, jina lake kamili na la baba yake, akasema kwamba barua zote zilikuwa za huyo na si za mwingine. Akasema samahani. Akasema tafadhali. Kisha akaweka kiganja ukutani.

Ulikuwa baridi. Aliyekuwa akisikiliza alikwisha kuondoka.

Ofisi ya kiwanda ilikuwa imefungwa na simu imefungiwa ndani. Basi la kwenda kwao lilikuwa la mchana. Mwandishi akaenda getini kwa madereva, akamwomba mmoja aliyekuwa na shehena ya vigae alfajiri, na dereva akamkubalia bila kuuliza, kwa jinsi alivyouona uso wake. Walisafiri siku nzima. Lori lilikwenda mwendo wa mgonjwa kwa ajili ya vigae, na kila kilima Mwandishi alikisukuma kwa magoti yake. Dereva alipomuuliza kama ana mke, aliitikia kwa kichwa tu, akaogopa hata kulisema neno lenyewe.

Lori halikupita stendi. Dereva alimshusha nyuma ya kituo cha maji, jua linazama.

Akatembea. Akakimbia. Akaiona nyumba ya mwisho, na dirisha lake lina mwanga. Pua yake ilitafuta harufu ile aliyoiogopa njia nzima, lakini jirani alikuwa anachoma taka, na moshi ulikuwa umetanda uwanja mzima. Akapanda ngazi mbili. Kijani cha mlango kilikuwa kile kile, na mkwaruzo wa siku waliyoingiza kitanda ulikuwepo.

Aliinua mkono, akasita.

Ndani, mtu alikuwa anaimba kwa pua, wimbo usio na maneno, kama mkewe anavyofanya akiwa na kazi mkononi.

Akabisha. Kwa kidole kimoja.

Wimbo ukakatika. Zikafuata nyayo. Ndara zilikuwa zinaburuzwa, nzito, za mwanamke aliyebeba tumbo kubwa na anayejishikilia ukutani. Mwandishi alizijua hatua hizo. Amezisikia wiki nyingi kabla hajasafiri, zikitoka chumbani kwenda jikoni. Machozi yakamtoka bila hiari. Yuko hai, mzima, anakuja kumfungulia. Akaegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango.

"Ni wewe?" sauti ikanong'ona upande wa pili.

"Ni mimi, mke wangu," akasema.

Komeo likavutwa.

"Mume wangu?"

Sauti hiyo ilitoka nyuma yake.

Akageuka. Njiani, kwenye kituo cha maji, mkewe alikuwa anakuja polepole, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ufunguo. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Umepitia wapi? Nimekusubiri stendi tangu basi liingie, nimeangalia abiria mmoja mmoja." Alifika kwenye ngazi ya chini, akasimama kupumua. Kisha akaliona dirisha.

"Mbona taa inawaka? Mimi niliizima. Nimefunga mlango mwenyewe."

Mwandishi alitaka kumwambia akimbie. Mdomo wake, ule uliosema yote, haukusema. Alishuka ngazi moja, akamshika mkewe mkono, na mkono ule ulikuwa na joto la mtu wa kweli. Chini ya gauni lake tumbo lilikuwa kimya.

Nyuma yake bawaba zililia, naye akageuka.

Harufu ikatoka kwanza, ya mkaa na kitambaa kibichi. Kisha mwanga ukamwagika juu ya ngazi, na kwenye mwanga kivuli cha mwanamke, nywele zimefumuliwa, amebeba shati lililonyooshwa juu ya mkono mmoja. Mkono mwingine alikuwa ameuweka tumboni mwake. Chini ya kiganja chake kitu kilikuwa kinasukuma, kinacheza, kwa nguvu za mtoto mzima.

"Nimekufungulia mwenyewe," akasema kwa upole. "Kama ulivyoniandikia. Njoo uweke mkono, anabisha."

Mkewe akamkaza vidole.

Mwanamke wa mlangoni akainua uso, akatazama juu ya bega la Mwandishi. Hakukasirika. Alionekana tu kama mwenye nyumba aliyepata mgeni asiyemtarajia jioni.

"Mume wangu," akauliza, "huyo nyuma yako ni nani?"